Sauti Iliyoitika Siku ya Kufungua Shule

“Yeyo Sinyati, kwa nini ulimwita?”

Nanyori aliuliza hivyo akiwa na maziwa mgando mdomoni, na mama yake akashtuka mpaka kibuyu kikamponyoka. Baba yake, Lemburis, aliyekuwa amesimama langoni mwa boma lao, aligeuza uso akautazama Mlima Meru kana kwamba mlima ndio ulioulizwa. Bibi akaacha kutafuna tumbaku. Sinyati peke yake hakushtuka. Alimfuta mtoto mdomo kwa kidole gumba, akasema, “Kunywa kwanza.”

Basi, ikawa hivyo. Hakujibu siku ile, wala mwaka ule, wala mwaka uliofuata.

Uzito wa swali lile hutauona mpaka umjue Sinyati, aliyeitwa Yeyo, yaani mama, kwa heshima tu, na uijue kazi yake, ambayo ukiisimulia leo watu wanadhani unatunga.

Ilikuwa zama za Wajerumani. Shule ya misheni ilikuwa juu kidogo ya mto Naura: nyumba moja ya udongo na nyasi, yenye magogo yaliyopasuliwa kuwa mabenchi. Mwalimu wake alikuwa Mjerumani mrefu ambaye watu walimwita Bwana Ndevu, na ukimwona hukuhitaji kuuliza kwa nini. Mwaka wa kwanza alipiga kengele asubuhi, akasimama mlangoni akingoja. Akaja mbuzi. Ni kweli kabisa, mbuzi mmoja aliyepotea, na baada yake mwenye mbuzi.

Nani angepeleka mtoto? Wanaume walikuwa bado na makovu mabegani ya kubeba mawe ya kujengea ngome kule Arusha mjini. Halafu huyu naye akawa anapita mabomani akiuliza kila mama, “Una watoto wangapi?” Yaani anauliza hivyo waziwazi, mchana, watoto wenyewe wakisikia! Kwetu mtoto hahesabiwi. Hata ng’ombe hawahesabiwi. Mwenye ng’ombe anawaangalia tu wakiingia zizini na anajua yupi hajarudi. Kila alikouliza Bwana Ndevu, kina mama waliwavuta watoto ndani wakafunga.

Sinyati alikuwa mjane aliyefua nguo za misheni. Alijua Kimaasai cha Waarusha, na Kimeru cha mama yake aliyetoka Nkoaranga, na Kiswahili alichookota kwa wapagazi. Siku moja, mikono ikiwa bado na povu, alimwambia Bwana Ndevu, “Bwana, watoto hawaji kwa kengele. Wanaletwa na mama zao. Niache nikaongee na mama zao.”

Ndivyo kazi ile ilivyoanza. Masika yalipokatika na shule ikakaribia kufunguliwa, Sinyati alipita boma kwa boma kuwaandaa watu. Lakini wakati huo hakuna aliyemwita Sinyati. Alikuwa na binti mmoja tu, Nashipae, kwa hiyo kila mtu alimwita Mama Nashipae.

Boma la kina Nanyori lilikuwa jirani. Alipofika hapo hakutaja shule mpaka alipomaliza kunywa alichopewa. Kisha akasema, “Huyu wenu mwenye macho makubwa, nipeni nimpeleke kwa Bwana Ndevu.”

“Akienda huko, ndama atachunga nani?” mama Nanyori akauliza. “Wewe?”

“Asubuhi atachunga bibi yake. Miguu ya bibi haina kazi nyingine, ni kuja kwangu kuomba tumbaku tu.”

“Mama Nashipae, nimekusikia!” bibi akapiga kelele kutoka ndani.

“Nimesema ili usikie!”

Wakacheka. Akawaeleza vitu vya kuandaa: mtoto atolewe funza miguuni, anyolewe, apate kipande cha kaniki cha kujifunga, asipakwe mafuta na udongo mwekundu siku hiyo maana mabenchi ya Bwana Ndevu hayafuliki, na abebe kibuyu cha loshoro, ule mlo wa mahindi na maziwa mgando, cha kula mchana. Mama Nanyori alisikiliza yote, kisha akamkazia macho. “Unachukua wa wenzako. Na wako je?”

Mama Nashipae alikata uzi wa ushanga wa shingoni mwake, akatoa punje moja ya buluu, akaitunga kwenye kamba aliyokuwa nayo mkononi. Hiyo kamba ndiyo iliyokuwa akili yake. Kila mama aliyekubali alitoa punje moja kutoka kwenye mapambo yake mwenyewe, rangi aipendayo, na punje ile ikawa mtoto wake. Hakuna aliyehesabu. Familia ikibadili mawazo, Mama Nashipae alirudi na kuchomoa punje yao, akairudisha bila ugomvi. Kama Bwana Ndevu alitaka kuihesabu kamba kwa macho yake, hiyo ilikuwa shauri yake.

Mama Nanyori alipoiona ile ya buluu, akakata nyekundu. Zikakaa pamoja, ya buluu mbele, nyekundu nyuma yake.

Kilichobaki kilikuwa kuwafundisha kuitika. Unaweza kucheka, lakini kilikuwa kitu kigumu kuliko vyote. Mtoto wa kwetu akiitwa na mtu asiyemwona ananyamaza kwanza, mpaka ajue ni nani anayemwita na anataka nini. Bwana Ndevu yeye alitaka ukisikia jina lako useme “Nipo!” papo hapo. Kwa hiyo kila jioni, ndama wakishafungwa, Mama Nashipae alisimama nje ya ua wa miiba wa kina Lemburis na kuita, na wale wasichana wawili waliitikia kutoka ndani.

“Nanyori!”

“Nipo!”

“Nashipae!”

“Nipooo!” Nashipae alilivuta neno kama mtu anayevuta kamba ya ndama.

Wakati mwingine Nashipae alikuwa bado amemshikilia ndama mmoja mkaidi asiyefungika, hana pumzi, basi Nanyori alimwitikia, akalivuta vilevile, “Nipooo!” Na Mama Nashipae akajibu kutoka nje, “Wewe mwizi wa sauti! Nimemwita mwenzako, sijakuita wewe!” Hapo wote watatu walicheka mpaka mbwa wakabweka.

Kisha Nashipae akaacha kuja.

Nanyori aliambiwa ana homa, yuko kwao, asimsumbue. Akangoja. Siku nyingine akamwona mama wa Nashipae anapita njiani kichwa kimenyolewa, akafurahi, akajua shule imekaribia, maana watoto wote nao walikuwa wananyolewa. Akamuuliza mama yake, “Nashipae naye kanyo—”

Mkono wa mama ulimfunika mdomo kabla hajamaliza.

“Usimtaje.”

“Kwa nini?”

“Usimtaje tu.”

Nanyori akajua wamegombana. Ungedhani nini wewe, ukiwa na umri ule? Zaidi ya hapo, watu wazima walianza kumtaja mtu anayeitwa Sinyati. “Sinyati kapita leo.” “Sinyati bado anazunguka na kamba yake, moyo gani ule?” Nanyori hakumjua Sinyati yeyote. Ilimchukua muda kugundua kuwa ni yuleyule, kwamba watu wamelivua jina la Mama Nashipae na kumrudishia jina lake la usichana. Hilo pia akalihesabu kuwa ni sehemu ya ugomvi.

Hakuna aliyemwambia ukweli. Wangemwambiaje? Kwetu mama aliyefiwa hunyoa kichwa, na mtu akishakufa jina lake halitamkwi tena. Ili umwambie mtoto kuwa fulani amekufa lazima umtaje fulani, na fulani hatajwi. Kwa hiyo boma zima lilijua, isipokuwa Nanyori.

Siku ya kufungua shule ikafika. Ua wa misheni ulijaa kina mama na watoto wenye vichwa vinavyong’aa, kila mmoja na kibuyu chake. Bwana Ndevu alisimama mlangoni na karatasi yake, na uso wake ulikuwa mwekundu kwa furaha. Sinyati alisimama mbele yake na kamba ya shanga, maana walikubaliana aite yeye: watoto waliijua sauti yake.

Akashika punje ya kwanza. “Loserian!”

“Nipo!” Kina mama wakanong’ona kwa fahari. Loserian akaingia ndani.

“Naeku!”

“Nipo!”

Kidole kikaendelea kutembea. Nanyori alikitazama bila kupepesa, kwa sababu aliijua njia yake yote. Ya njano. Nyeupe. Nyeupe nyingine. Sasa ya buluu, halafu yake.

Kwenye ya buluu kidole kikasimama. Bwana Ndevu akakohoa. Sinyati akainua kichwa, lakini hakuwatazama watoto waliokuwa mbele yake. Aligeukia ng’ambo ya mto, upande wa kwake, akajaza kifua, akaita kwa sauti ile anayoitiwa mtu aliye bonde la pili.

“Nashipaeee!”

Hakuna aliyesogea. Mama mmoja aliyekuwa akimfunga mwanawe kaniki alibaki na fundo mkononi. Nanyori yeye alijaa furaha: kumbe ugomvi umekwisha! Akatazama huku na huku. Hakumwona. Huyu naye, hata leo amechelewa! Basi akafanya alichozoea kufanya kila jioni. Akafungua mdomo na kulivuta neno.

“Nipooo!”

Sinyati aligeuka. Uso aliogeuka nao, Nanyori hakupata neno la kuueleza, siku ile wala baadaye. Uliwaka, kisha ukazima, mbele ya macho yake.

Ndipo kelele zikaanza. Kina mama waliwanyakua watoto wao na wa wenzao bila kuchagua. Vibuyu vikapasuka, loshoro ikamwagika mlangoni mwa shule, Loserian na wenzake waliokwisha kaa wakatokea dirishani kama kuku. Bwana Ndevu alibaki na karatasi yake akisema, “Nini? Nini?” na hakuna aliyekuwa na muda wa kumwambia. Mama Nanyori alimbeba mwanawe mgongoni, ingawa alikuwa mkubwa na miguu yake inaburuta chini, akakimbia naye.

“Mama, nimekosea nini?”

“Umeitika!”

“Si amechelewa, nika—”

“Hajachelewa! Hayupo. Hayupo tena, umenisikia? Homa ilimchukua.”

Hivyo ndivyo Nanyori alivyoambiwa kwamba rafiki yake amekufa: akiwa mgongoni, njiani, baada ya kuwa ameshaitika kwa niaba yake.

Nyumbani Lemburis alichinja kondoo wa kumtakasa, na bibi akampaka mtoto mafuta yake kuanzia utosini. Majirani wakaja mmoja mmoja kuchungulia.

“Kala?”

“Kala.”

“Macho yake yakoje?”

“Si hayo, yaangalie.”

Jirani mmoja, Simaloi, ambaye hakujua kusema jambo kwa sauti ndogo, alisema Nanyori akisikia, “Sauti yake imeshakwenda kule. Mwili nao utafuata.” Bibi alimfukuza, lakini neno lilikuwa limeshaingia. Tangu hapo Nanyori hakuitika tena. Baba akiita, kimya. Mama akiita, anauma midomo. Aliogopa kwamba hata jina lake mwenyewe linaweza kuwa la mtu mwingine.

Bwana Ndevu akaja langoni kutuliza mambo. Sijui nani alimshauri. Akasema msiogope, mtoto hana ubaya wowote, Nashipae ni jina tu. Akalitaja! Tena mlangoni kwa watu! Bibi, ambaye kwa miaka mingi hakuwa ametupa kitu chochote, alimtupia mwiko wenye ugali, na ukamfikia vizuri sana.

“Shule basi,” Lemburis akasema yule Mzungu alipokwisha kuondoka akijifuta ndevu. “Mabenchi yale atayakalia mwenyewe.”

Ndani, Nanyori alisikia. Alikuwa amengoja benchi lile tangu punje yake nyekundu ilipotungwa nyuma ya ile ya buluu. Akalia bila sauti, kwa sababu hata sauti ya kulia aliiogopa.

Jioni moja, ndama wakiwa wamefungwa, mbwa walibweka. Sinyati alikuwa nje ya ua, palepale alipozoea kusimama. Mkono mmoja ulishika majani mabichi, kama anavyofanya mtu aliyekuja kwa amani, na mwingine kibuyu cha maziwa. Hakujaribu kuingia.

“Rudi,” Lemburis akamwambia. “Sikutukani, dada yangu. Nimeona yaliyokupata. Lakini rudi.”

“Mtoto wako aliitikia jina lisilo lake. Nimekuja kumwita kwa lake.”

“Haitiki. Haitiki hata mimi niliyemzaa.”

“Basi nitasimama hapa mpaka aitike.”

“Na akifa?”

“Akifa, Lemburis, nitakuwa nimefiwa mara mbili. Unadhani nimekuja kufanya mchezo?”

Lemburis akasogea kando ya lango, lakini hakulifungua.

“Nanyori!” Sinyati akaita.

Ndani, mama alimshika Nanyori kwa mikono miwili, na hakujua mwenyewe kama anamzuia au anamsukuma. Nanyori akauma midomo.

“Nanyori!”

Bibi akafumba macho. Majirani waliokuwa wamejikusanya njiani, Simaloi mbele yao, walisikika wakivuta pumzi.

Sauti ya nje ikabadilika. Ikawa ile ya jioni za zamani, ya mtu anayejizuia kucheka, ingawa safari hii ilitetemeka. “Wewe mwizi wa sauti! Nakuita wewe leo. Simwiti mwenzako.”

“Nipo,” Nanyori akasema.

Ilitoka imekauka, fupi, wala haikuvutwa. Ilikuwa yake mwenyewe. Mama yake akamwachia, na Lemburis akaikokota miiba ya lango kwa mikono mitupu mpaka ikamchoma. Sinyati akaingia, akamtemea mtoto mate kidogo kichwani ya baraka, akampa maziwa. Hapo ndipo Nanyori alipopiga funda moja na kuuliza swali lake, na kuambiwa anywe kwanza.

Lemburis alimwangalia binti yake anavyokunywa. “Kama ni kwenda shule,” akasema mwishoni, “utampeleka wewe, umemshika mkono. Na usimwache mpaka umrudishe.”

Alimpeleka. Mwanzoni Nanyori alikaa peke yake kwenye mabenchi yote yale, Bwana Ndevu akimfundisha yeye tu kama mtoto wa mfalme, na Sinyati amekaa mlangoni. Watu walipita kwa mbali kuangalia kama bado yu hai. Alikuwa hai, tena ananenepa. Naeku akarudi. Loserian akarudi. Wengine wakafuata, kwa sharti moja: kabla majina hayajaitwa, Sinyati azunguke mabomani mwote, amwone kila mtoto kwa macho, amguse kichwa, na yule asiyekuwepo punje yake iondoke kwenye kamba. Bwana Ndevu alikubali upesi. Nadhani aliukumbuka ule mwiko.

Mwaka hadi mwaka Sinyati alizunguka. Alizichomoa punje za waliohama na za waliokufa, akazirudisha kwa mama zao, akakaa nao kidogo, maana alijua kukaa. Lakini ile ya buluu ilibaki mahali pake. Kidole chake kilipofika hapo kilipita taratibu, bila neno, na hakuna aliyethubutu kumuuliza. Hata Nanyori.

Kisha Nanyori akawa mrefu kuliko Sinyati. Ulikuwa mwaka wake wa mwisho shuleni, na watu walishaanza kunong’ona kwamba Wazungu watapigana wao kwa wao, jambo ambalo lilionekana la ajabu kuliko mengine yote. Macho ya Sinyati yalikuwa yamefifia, kwa hiyo walizunguka pamoja: mzee anaongea na kina mama, msichana anatunga punje. Asubuhi hiyo walikuwa wametoka kwa mama mmoja kijana aliyekataa, akakubali, akakataa, na mwishoni akaikata punje ya kijani huku analia. Walipofika kivuko cha Naura wakakaa kwenye mawe, miguu majini.

Sinyati akamwekea kamba mapajani. “Ibebe wewe sasa. Mimi naona rangi moja tu.”

Nanyori aliipitisha vidoleni, kijani, nyeupe, njano, nyekundu yake mwenyewe, akafika kwenye buluu. Kidole kikasimama.

“Uliniuliza kitu siku moja,” Sinyati akasema. “Mdomo umejaa maziwa.”

“Nakumbuka, Yeyo. Nilidhani ulinikasirikia.”

“Sikukasirika.” Alikoroga maji kwa kidole cha mguu. “Alipokuwa na homa aliniambia, ‘Yeyo, siku ya kuitwa ikinikuta bado nimelala, niite kwa nguvu, nitakusikia.’ Nikamwambia nitakuita. Mimi ndiye niliyemfunga ngozi alipokata roho, Nanyori, nilijua alipo. Lakini nilikuwa nimesema nitamwita, nikamwita kwa nguvu, kama alivyotaka. Kisha sauti ikajibu. Nilifurahi. Nilifurahi, mwanangu, mpaka nilipogeuka nikaona ni wewe.”